Amin ya Bibi wa Kitanda cha Dirishani

Mjini Hayes, Jumanne

Bado nasikia kinyaa. Leo meneja wa wodi kanipa karatasi ya Kipashto ya kueleza upasuaji, nimsomee bibi wa Kiafghani, yule anayekatwa kidole cha mguu kesho.

"Si unasoma Kiarabu wewe?" kaniambia. Kwa sababu nimesoma chuo cha Kurani Unguja.

Nikamweleza kuwa Kipashto si Kiarabu. Ni jamaa wa Kifarsi, kimeazima herufi tu, kikajiongezea zake zenye viduara ambazo mimi sikufundishwa. Kila kitu humo ama cha kike ama cha kiume, na kitendo hukaa mwisho wa sentensi. Nikamwambia tumpigie mkalimani simu.

"Soma tu, Zuhura. Hatuna muda."

Nikasoma nisichokielewa, kwa mahadhi ya chuoni, maana sijui kuzisoma herufi hizo kwa namna nyingine. Bibi akafumba macho. Nilipomaliza akasema amin.

"Unaona? Kaelewa," meneja akasema, akaenda zake.

Jioni binti wa bibi akaja, akanishika mikono yote miwili. Akasema mama anashukuru sana kwa ile dua. Kisha akaniuliza mama yake kesho anafanyiwa nini.