Vazi la Isaburo Limefungwa Upande wa Maiti

Bi Tokuda mpendwa,

Naomba unisaidie, maana kila Jumatano nasoma safu yako ya ushauri gazetini nikila wali wangu wa mchana papo hapo mezani pa kazi, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja mimi ndiye ningekuwa wa kugombezwa humo, lakini mambo yamenifika shingoni na nimebakiwa na siku tisa tu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nafanya kazi katika studio ya katuni hapa Suginami, na kwa miaka kumi na sita nimechora katuni ya televisheni ambayo bila shaka wajukuu zako wameitazama Jumapili asubuhi, ile ya Isaburo, kijana wa karate wa Bonde la Iwase. Sasa vipindi vya televisheni vimekwisha na tunaitolea filamu ya sinema, ambamo Isaburo anapambana kwa mara ya mwisho na Gunzo, mtu aliyemuua mwalimu wake.

Pambano hilo amepewa Mwalimu Kuramochi alichore. Ana miaka sabini na minne, ndiye aliyenifundisha kazi, na akisema hii ndiyo filamu yake ya mwisho hakuna anayembishia, kwa sababu mkewe, Bi Fumie, alifariki Februari, na tangu hapo amekonda, anasahau chakula, anatafuta miwani ambayo ameivaa. Mimi ndiye msimamizi wa michoro. Kila mchoro lazima upite kwangu kabla ya kwenda kwa wachoraji wa kati, wale wanaojaza mwendo baina ya picha na picha, na nikiona kosa naweka karatasi ya njano juu yake, nachora upya juu ya meza ya kioo chenye taa chini yake, na pembeni naandika sababu ili mwenye mchoro aone na ajifunze. Nami nilifundishwa hivyo hivyo, kwa karatasi za njano za Mwalimu zilizojaa maneno kama "Goti hili ni la nani?" na "Mtu akipigwa tumboni hatabasamu, Nonaka."

Mwezi uliopita bahasha zake za michoro zikanifikia. Katika hadithi, kabla ya pambano Isaburo anaoga kijitoni, anavaa tena vazi lake la karate, kisha anapanda mlimani kumkabili Gunzo. Kabla ya kijito kila kitu kiko sawa, lakini tangu anapovaa upya, vazi limefungwa upande wa kulia ukiwa juu ya wa kushoto, na wewe mwenyewe unajua kuwa hivyo ndivyo tunavyowavika maiti wetu, mtoto wa chekechea akivaa hivyo bibi yake anamvua mbio mbio. Michoro sitini na miwili, Bi Tokuda, yote hivyo hivyo, ngumi nzuri, mateke mazuri ajabu, na kijana amevikwa kama maiti wa kwenda kuchomwa.

Kosa hilo nimewahi kulifanya mimi, miaka kumi na minne iliyopita, nilipogeuza karatasi kuuangalia mchoro kwa nyuma kama tunavyofanya sote, nikasahau kuigeuza tena, na Isaburo akaonekana nchi nzima akiwa amefungwa upande wa maiti. Watoto wakaandika barua kuuliza amekufa lini, na mmoja wa Akita akatuma ubani. Mwalimu alikwenda kituo cha televisheni, akainama mbele ya wakubwa, akasema kosa ni lake, jina langu hakulitaja hata kidogo. Aliporudi akanirudishia mchoro wangu na karatasi ya njano juu yake, imeandikwa, "Umemuua kijana. Mfufue." Mpaka leo ninayo.

Kwa hiyo safari hii nikamwendea mwongozaji wetu, Onodera, nikamwonyesha.

"Funika tu," akasema. "Mzee amefiwa, kichwa hakijatulia. Ukimwambia utammaliza."

"Na siku ya kuwaonyesha wafanyakazi filamu? Si ataona mwenyewe?"

"Ataona jina lake likiwa la kwanza kabisa kwenye orodha ya wachoraji. Sasa Nonaka, mbona unajitafutia makubwa?"

Nikafunika. Siku tano nzima nilichora karatasi za njano sitini na mbili, na pembeni sikuandika neno hata moja, kwa sababu ningeandika nini, na wenzangu wote walijua ninachofanya na wote wakawa wanapita mezani kwangu wakitazama pembeni. Alhamisi iliyopita tukakutana na Mwalimu kwenye birika la chai.

"Nonaka, vile vipande vyangu vya mlimani umeshavipitia?"

"Nimevipitia, Mwalimu. Ni vizuri sana."

"Hukukwama popote?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hata mahali pamoja?"

"Hata pamoja."

Akanitazama, akapuliza chai yake, akasema, "Haya. Basi vizuri." Tangu siku hiyo hanitanii tena, na zamani hakuna asubuhi iliyopita bila kunitania kuhusu nywele zangu. Michoro bado iko kwenye droo yangu na Ijumaa ya wiki ijayo lazima itoke. Nimwambie, nimwaibishe mzee aliyebeba aibu yangu, au ninyamaze, aondoke kazini na heshima yake? Kunyamaza ndiko kwenye huruma, lakini kila nikifungua droo nahisi nimeiba. Nimeapa kwamba utakalosema nitalifanya, hata likiniuma.

Nonaka, Suginami

(Majina ya watu na ya katuni yamebadilishwa kwa ombi la mwandishi wa barua. — Mhariri)

Binti Nonaka,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilitamani kukufinya sikio. Umeniandikia kurasa nne juu ya mchoro wa mzee huyu, umemwuliza mwongozaji, umeniuliza mimi nisiyejua hata kuchora yai, na mahali popote sijaona uliposema ulimwuliza yeye.

Kabla ya kuandika gazetini niliendesha bafu la umma kule Amagasaki miaka thelathini na moja. Kutoka kiti changu cha mlangoni nimewaona watu wakivua na kuvaa mpaka nikachoka. Mwenye kusahau hukosea leo, kesho akapatia. Mlevi hukosea, akicheka hurekebisha, halafu hukosea tena. Lakini sijamwona hata mmoja anayekosea mara sitini na mbili kwa namna ileile. Na umesema mwenyewe kwamba kabla ya kijito vazi liko sawa. Kichwa kilichochanganyikiwa hakichagui pa kuanzia.

Halafu fikiri kidogo. Mzee huyu amemzika mkewe Februari. Mimi na dada zangu tulimvika mama yetu alipokufa, na nakwambia, unapouleta upande wa kulia juu, vidole vinakataa, inabidi uvilazimishe. Ukishamfanyia hivyo mtu wako, huwezi tena kuusahau upande ule, hata ukisahau miwani, chakula na jina lako. Sisemi kwamba najua alichokusudia. Huenda kijana wake anapanda mlima akiwa keshajiaga mwenyewe, tayari kufa, na ndiyo maana anajivika vile kwa mkono wake mwenyewe. Huenda mimi mwuza maji ya moto nimejitungia hadithi. Kati yetu hakuna anayejua, na anayejua anakaa hatua chache kutoka kwenye droo yako.

Tena alikupa nafasi. Alikuuliza kama umekwama, ukakataa, akakuuliza tena. Mwalimu hamdadisi mwanafunzi wake kwa ajili ya kutafuta sifa. Alitaka umwambie ulichoona, ukamrushia "vizuri sana" kama mgeni aliyepewa chai baridi. Nami ningeacha kukutania.

Usiniambie unamlipa fadhila. Zamani alikusitiri mbele ya wakubwa, lakini wewe mwenyewe hakukuficha kitu, alikuletea kosa lako mezani na akakuandikia ulifanyie nini. Wewe umegeuza mambo: studio nzima inajua, asiyejua ni yeye peke yake. Hiyo unayoiita huruma ndiyo itakayomwaibisha, siku atakapokaa katikati yenu sinemani na kuona mkono usio wake ukipigana kwa jina lake. Naelewa uliogopa. Ulimpenda na ukaogopa kumwona amezeeka, na hilo halina kosa. Kosa ni kumzeesha kabla ya kumwuliza.

Leo ni Jumatano, una siku mbili. Ikiwa Mwalimu wako husoma gazeti hili, umwahi kabla hajafika ukurasa huu, kwa sababu majina tumebadilisha lakini mzee si mjinga. Toa bahasha zote drooni. Usimwite mezani kwako, nenda mezani kwake, na usiende na keki wala na Onodera. Weka mchoro wake na karatasi yako ya njano juu yake, aone ulichofanya. Omba radhi kwa uongo wa kwenye birika, mara moja tu, bila machozi ya kumfanya akubembeleze. Kisha sema, "Mwalimu, hapa nilikwama." Halafu funga mdomo usubiri, hata akikawia.

Akisema alikusudia, ziondoe karatasi zako zote sitini na mbili mbele ya macho yake, mwandamane nyote wawili mpaka kwa Onodera. Onodera ndiye mwongozaji, ana haki ya kukataa, ila akatae akimtazama mwenye mchoro usoni, nawe uwe umesimama upande wa mzee wako. Watoto wakiandika barua tena, safari hii mtakuwa na jibu.

Na akisema ni kosa, amezeeka na hakuona, usimpe pole. Mpe karatasi tupu sitini na mbili achore upya kwa mkono wake mwenyewe, nawe uvute kiti ukae pembeni yake mchana na usiku mpaka Ijumaa, umchongee penseli.

Tokuda