Chambo Kilichozama Kwenye Nyasi za Kitangiri

Shangazi Saada, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma majibu yako tangu niko kidato cha tatu na sikuwahi kufikiri kwamba nami nitakuandikia, lakini niliolewa mwezi wa saba, bado natabasamu peke yangu nikiosha vyombo, na bado kuna jambo linanishinda, kwa hiyo nisaidie kabla Jumamosi haijafika.

Mume wangu anaitwa Noel, ni dereva wa lori, na ni mzuri, Shangazi, mzuri mpaka nikisikia honi yake barabarani hapa Shelui mwili mzima unanisisimka, ananipigia simu kila anaposimama kunywa chai, na analitamka jina langu kana kwamba amelitunga yeye. Ila wiki nzima yuko safarini, anarudi Ijumaa jioni, Jumamosi alfajiri anakwenda Ziwa Kitangiri kuvua na baba yake, Jumapili tunakwenda kanisani na mchana anaondoka, basi ukitazama vizuri mimi nimeolewa na Ijumaa jioni tu.

Silalamiki. Mimi ni mtu wa Manyoni, kule tumezoea treni, mambo ya ziwa siyajui. Mara ya kwanza nilijifunga kitenge kipya nikafuatana nao nikidhani nitapanda mtumbwi, nikasahau kabisa kwamba mkamwana hakai mtumbwi mmoja na baba mkwe wake, magoti yakigusana, haiwezekani. Baba mkwe ni mtu mwema, alitazama pembeni tu akasukuma mtumbwi, nami nikabaki nchi kavu na wifi yangu Leah. Tangu hapo kila Jumamosi nakaa ukingoni nikiutazama mgongo wa mume wangu mpaka jua linapokuwa kali.

Noel hatumii wavu kama baba yake. Aliwahi kufanya kazi kwenye kambi ya wageni kule Ziwa Viktoria akajifunza kuvua kwa fimbo, anarusha samaki wa bandia, wale wenye kiungo kimoja katikati, ambao ukivuta mshipi taratibu wanateleza kushoto, wanateleza kulia, kama samaki aliyechoka, na kambale huwafuata. Nikawaza, kama mimi siwezi kuingia mtumbwini, basi angalau chambo changu kiingie, kila akikishika anikumbuke. Nikaagiza Mwanza bila kumwambia, kikaja kwa basi, kikubwa, kizito, kinang'aa rangi ya fedha, kina ndoano za ncha tatu tumboni na mkiani. Alifurahi mpaka akaninyanyua juu mbele ya mama mkwe!

Jumamosi akakirusha. Kilizama kama tofali. Kina cha pale ni kifupi na chini ya maji nyasi zimejaa, ndoano zikashika, akavuta, mtumbwi ukakifuata chambo badala ya chambo kuufuata mtumbwi, na baba mkwe ikabidi ateremke majini mpaka kifuani kwenda kukinasua. Sauti zinasafiri juu ya maji, nikamsikia akisema, "Huyu samaki wa mkeo amekuja kukata majani ya ng'ombe?" Noel akacheka. Leah naye, pembeni yangu: "Wifi, mbona umempa mumeo nanga!" Nikacheka pia, kisha nikajifanya nanawa uso.

Sasa Noel amekitundika sebuleni, eti ni kizuri mno kupelekwa majini. Muuzaji amenitumia picha za vingine: kuna kikubwa zaidi kinachozama haraka, kuna kifupi kinachozama polepole, na kuna kinachoelea. Nichague kipi? Sitaki kukosea tena. Nikiwa pale ukingoni nataka nimwone ameshika kitu changu.

Mke wa Noel, Shelui

*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Umepata mume anayepiga simu kwenye kila kituo cha chai. Wako wanaosoma hapa wanatamani hata ujumbe mmoja.

Lakini ulinunua chambo kama mtu anayenunua hereni. Ulitazama kinavyong'aa, hukuuliza maji ni ya namna gani. Nimemuuliza ndugu yangu Amosi, anayevua kwa fimbo kwenye maji yenye nyasi, na jibu lake ni hili. Kinachozama haraka kiache dukani. Kama juu ya nyasi kuna maji ya kutosha, kifupi kinachozama polepole kinafaa. Kama nyasi zinakaribia kufika juu, chukua kinachoelea. Kwa jinsi ulivyoeleza, anza na kinachoelea, na kisizidi kiganja. Ndoano za ncha tatu zitolewe, ziwekwe za ncha moja, ncha itazame juu, kisha kijaribuni kwenye beseni, maana uzito ukibadilika kinaweza kulala ubavu. Mshipi uwe mnene. Maji yakiwa na tope, rangi nyeusi inaonekana vizuri kuliko fedha. Kirushwe kandokando ya nyasi au kwenye uwazi kati yake, mkono wa rili, kile kigurudumu kinachokunja mshipi, uzungushwe nusu, utulie, nusu tena. Kikigusa jani, legeza kwanza. Kuvuta kwa nguvu ndiko kulikomteremsha baba mkwe majini.

Hayo ndiyo uliyouliza. Sasa nakuja kwenye ulilolificha.

Umeniandikia habari za ndoano mpaka karatasi ikajaa, na hukuthubutu kuandika kwamba una upweke. Unamtazama mgongo, mwanangu! Bibi harusi wa juzi! Na Noel hajui, kwa sababu kila akigeuka anakuona unacheka. Anadhani unaburudika. Usimlaumu kwa jambo ambalo hujamwambia, na usitume samaki wa bandia akaseme kwa niaba yako.

Baba mkwe naye usimguse. Anapotazama pembeni anakuheshimu, na mtumbwi ni wake. Ila niambie, nani alisema lazima Noel avulie mtumbwini? Wavu ndio unaohitaji mtumbwi. Chambo chepesi kinarushwa mtu akiwa amesimama nchi kavu, na Amosi anasema alfajiri kambale huwinda kandokando ya nyasi, karibu kabisa na ukingo. Umekaa mahali penyewe miezi yote hii, ukimsubiri mtu aliyekwenda kuwatafuta mbali.

Kwa hiyo wiki hii usiagize kitu. Ijumaa akishakula na kuoga, mwambie kwa mdomo wako: "Noel, nakaa peke yangu wiki nzima, na Jumamosi pia nakaa peke yangu. Kesho baki ukingoni unifundishe kurusha." Usilainishe, usicheke katikati. Habari hiyo aipeleke yeye mwenyewe kwa baba yake, wala usimtume Leah. Waulizeni wavuvi kama viboko hupita upande huo, mchague mahali palipo wazi, na usisimame nyuma yake anaporusha.

Akikubali, kaeni pamoja mchague chambo, mlipe, na mwambieni muuzaji apakie na fimbo ya pili, fupi kidogo, ya mkono wa mwanamke.