Binti Yangu Ana Mke Mwenza

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wifi yangu anakuja na gari kumchukua mama mkwe, nami sijui nimzuie au nimfungashie nguo, na mume wangu nikimuuliza ananiambia ninyi wanawake mnajuana.

Mimi ni msusi, na bila kujisifu, pale saluni wateja husubiri kiti changu hata kama vingine ni vitupu. Mama mkwe alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala, tukamleta kwetu, na Mungu ni shahidi wangu simnyimi kitu, asubuhi namwogesha, namvalisha, namlisha uji kwa kijiko kwa mkono wangu huu, namwachia dawa na redio, kisha nakimbia kazini, nikirudi namlisha tena halafu nalala kama gogo. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira wa kuminya ili mkono uamke, lakini kumwambia auminye ni kumpigia mbuzi gitaa, anautazama tu, anageukia ukutani.

Sasa binti yangu akitoka chekechea hushinda chumbani kwa bibi yake, dada wa kazi akiwa jikoni, nami niliona vizuri tu, wanachungana. Wiki iliyopita mwalimu akaniita pembeni, akafunga mlango, akanishika bega na kuniuliza taratibu, "Mama, nyumbani kuko salama? Mtoto anasema ana mke mwenza, na asipotulia mke mwenza humfinya sikio." Nilitamani ardhi ipasuke, kumbe mwalimu ameshaamini mume wangu kaoa tena! Nikamweleza ni utani wa bibi na mjukuu, kwamba marehemu babu angekuwepo wangemgombania, akacheka hadi akatafuta leso, lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekiona kichwa cha mwanangu. Nilimsuka mwenyewe Jumapili, na sasa mistari yangu haipo, ipo mingine imepinda, mmoja mnene, mmoja mwembamba, mmoja umeelekea sikioni ukabadili mawazo njiani. Nikauliza nani kamharibu hivi, akasema kwa majivuno, "Mke mwenzangu."

Nikamfumua nikamsuka upya, kesho yake wakafumua tena, na nilipomwita tena akae miguuni pangu akakataa, akasema, "Wewe unasuka haraka haraka, halafu huna hadithi." Mshauri, yalinichoma hayo. Juzi dada wa kazi akampitisha saluni na kichwa kile kile, wateja wakasema kinyozi hajinyoi, na wifi aliposikia akasema mama anamharibu mtoto na mtoto anamchosha mama, kwake kuna chumba kikubwa, nesi wa kulipwa, na kimya, bila mtoto wa kumsumbua. Nina wivu, ndiyo, nimesema. Je, nimwache aende?

Ni mimi, Msusi Niliyeaibika.

*

Msusi, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nimesimama. Aibu gani hiyo unayoililia? Weka kitana chini unijibu swali la kazi yako mwenyewe: nani anayesuka kwa mkono mmoja?

Haya, umeshapata. Mkono mmoja hushika, mwingine hupitisha. Mstari mnene ndipo vidole vilipogoma, na ule mwembamba ndipo vilipokubali. Mkono uliomshinda mtaalamu na mpira wake umeamshwa na mtoto wa chekechea aliyetoa kichwa chake mwenyewe. Hilo lilikuwa jambo la kupigiwa vigelegele mtaa mzima, na wewe, bingwa wa nywele, ukaketi ukalifumua.

Utaniuliza mbona mama mkwe hakukuambia. Akuambie saa ngapi? Asubuhi unakimbia, jioni umelala. Sikulaumu kwa kukimbia, mwanangu, kazi yako inalisha nyumba, na mkwe anayemwogesha mama wa mumewe kila siku ana thawabu zake. Lakini ulimpa kila kitu isipokuwa jambo la kufanya. Mpira hauna nywele, haucheki, haumwiti mtu mke mwenza. Mtoto alimhitaji, basi. Na mtoto naye kapata mtu asiyetazama saa. Wivu wako si dhambi, unakuambia tu kwamba chumba kile kina raha na wewe umesimama mlangoni.

Kwa hiyo Jumamosi usifungashe hata kitambaa. Wifi mkaribishe vizuri, hana nia mbaya, naye hajaona kama wewe ulivyokuwa hujaona. Usibishane naye. Mwambie aketi kitandani kwa mama yake, mtoto akae chini, na hadithi ianze. Akishaona mkono ule ukipita kwenye nywele, ataondoka na gari lake tupu na machozi yake. Mtaalamu wa mazoezi naye aambiwe, ajue pa kuendelea.

Kijiko cha uji kuanzia kesho ashike mwenyewe. Ukimwagika, futa.

Sasa sikiliza la mwisho, na hili silipunguzi. Siku yako ya mapumziko fumua nywele zako, keti sakafuni kando ya binti yako, umpe mama mkwe kichwa. Usimwelekeze. Usimsahihishe. Akivuta, vumilia kama wanavyokuvumilia wateja wako, na mwombe hadithi. Kesho yake nenda saluni hivyo hivyo, bila kilemba, na mistari yako iliyopinda. Wakikuuliza nani kakusuka, jibu kwa sauti mpaka wanaosubiri nje wasikie: mama mkwe wangu, kwa mikono yake yote miwili.