Faili Linaloitwa Nyota

Namwase, ni Hajarah wa Nalufenya kaniambia jioni hii kwa simu.

Kompyuta ya mjukuu wangu Phiona ndiyo ina picha za mazishi ya mzee, babu yake. Zingine hatuna.

Sasa huko kwenye kompyuta ukiandika nyota, ile alama ya *, maana yake "faili zote". Phiona alitoa amri kwa nyota, folda ikiwa bado tupu. Mashine ikakosa faili lolote humo, ikaifanya nyota yenyewe kuwa jina. Ikazaa faili linaloitwa Nyota.

Nyota, Namwase.

Picha zilipoingia, akataka kuliondoa. Akaandika: futa nyota.

Hajarah, aliyeketi naye, akamdaka mkono kabla hajabonyeza. "Wewe, unafuta zote. Unataka kumzika babu mara ya pili? Nyota yako ifunge kwa alama za kunukuu, iwe jina tu."

Akaifunga. Ikafutika hiyo moja.

Phiona akabaki anamtazama babu yake kwenye skrini, mpaka usingizi ukamchukua hapohapo mezani.