Mama Mkwe, Sogeza Kiti Tule

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Leo nimefunga karakana mapema, mafriji ya watu yatasubiri, nimekaa barazani hapa Mbagala nikuandikie. Yudith anajua. Nimemwambia barua hii nataka isomwe na watu wengine pia, hasa wanaume waliooa. Akaniangalia, akauliza, "Utawaambia kwamba ulikuwa unakula na mama yangu?"

Nikamjibu, hicho ndicho hasa nitakachowaambia.

Mie mtoto wa Temeke, unajua. Kwetu chakula kikiiva, aliyepo anakula. Ndiyo maana siku nilipokuja Mpwapwa kumchumbia binti yako, mjomba wake alinikalisha pembeni akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. "Wewe na mama mkwe wako hamtazamani usoni. Hampeani mkono. Wala hamli pamoja. Yeye akila, wewe hupo. Wewe ukila, yeye hayupo." Niliitikia kila neno. Nilimpenda Yudith kiasi kwamba wangeniambia nitembee kinyumenyume mpaka Dodoma, ningetembea.

Basi kwa miaka mingi nilikujua kwa khanga zako tu. Tulikuja Krismasi, tukaja kwenye ubatizo wa mwanetu Eliya, tukaja kumzika baba mkwe. Kila nilipoingia mlango wa mbele, khanga ilikuwa inaishia mlango wa nyuma. Sauti yako niliijua, maana ulikuwa ukiimba jikoni. Uso sikuujua. Na wewe wangu hukuujua, kwa sababu ulikuwa mwadilifu kuliko hata mjomba.

Halafu macho yakakuzidi. Mtoto wa jicho, huku na huku. Shemeji Yona, mwanao mkubwa, akatupigia simu kwamba umemwaga uji mara mbili ukidhani kikombe kipo. Yudith akalia usiku kucha, asubuhi akasema uje Dar utibiwe. Ukaja. Tatizo likawa nani akupeleke kliniki kule Kinondoni, maana walitaka presha ishuke kwanza ndipo wakupasue. Yudith ni mwalimu, hawezi kuacha darasa kila wiki. Fundi friji ndiye mwenye siku zake mwenyewe. Nikabaki mie.

Unakumbuka safari ya kwanza? Ulipanda kirikuu changu, kigari cha kubebea mafriji, ukageukia dirishani, ukajifunika khanga mpaka kwenye nyusi. Kutoka Mbagala mpaka Kinondoni hukusema neno. Na mie nikaendesha shingo ikiwa imekakamaa kama niliyelala vibaya, nisije nikageuka kwa bahati mbaya.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba hukuwa umekunywa hata chai. Asubuhi ile mie nilikuwa mezani, na kwa kuwa nilikuwa mezani, wewe ulibaki chumbani. Kliniki ilikuwa na watu wengi, tukatoka jua likiwa utosini. Tulipofika Temeke nikasikia unapumua kwa shida. Nikajisahau, nikageuka. Mkono wako ulikuwa umeng'ang'ania mlango wa gari.

"Mama, umekula?"

Ukaivuta khanga usoni.

Nikasimamisha gari palepale, mbele ya mgahawa wa Mama Zuhura. Si mahali pa kujivunia. Paa la bati, viti vya plastiki vya rangi tofauti, masufuria yamepangwa mbele ili kila mtu ajionee. Nikamwagiza mhudumu wali maharage na mchicha, nikakukalisha, nikarudi kukaa kwenye gari. Nilidhani nimefanya la maana. Nikikuchungulia, sahani ipo, mkono haupo. Watu wanapita, wewe umeinamisha kichwa. Nikajua huoni vizuri chakula kilipo, na unaona aibu kupapasa mbele ya watu usiowajua.

Mhudumu, yule msichana mcheshi, akanifuata garini. "Braza, yule mama umemfanyaje? Mmegombana?"

"Hatujagombana. Ni mama mkwe wangu."

"Sasa mama mkwe ndiyo umwache peke yake kama mzigo?"

Nikashuka. Nikasimama nyuma yako, nikasema nikitazama barabarani, "Mama, nisamehe. Wali uko upande wako wa kulia. Maharage kushoto. Mchicha uko kwenye kibakuli, mbele." Ukanyoosha mkono, ukagusa wali. Halafu ukasema maneno ambayo nimewasimulia watu wengi hapa mtaani.

"Baba Eliya, na wewe una njaa."

"Nitakula nyumbani, mama."

"Sikiliza. Mie sikuoni, macho yamekufa. Wewe kaa meza ya nyuma, unipe mgongo, na wewe hutaniona. Sasa hapo nani atasema tumekula pamoja?"

Nikaangalia kushoto na kulia kama mjomba yupo. Nikakaa meza ya nyuma, mgongo wangu na wako ikiwa karibu kugusana, nikaagiza wali. Tukala. Katikati ya chakula ukauliza kwa sauti ya chini, "Maharage yao wameweka nazi?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Wameweka nyingi. Lakini matamu." Mama, sijawahi kufurahi kuulizwa swali la maharage namna ile.

Tangu hapo kila siku ya kliniki ikawa na chakula chake. Yudith hatukumwambia. Hatukupanga kumficha, ila hakuna aliyejua pa kuanzia. Wewe ulianza kuamka siku ya kliniki ukiwa mchangamfu kama mtu anayekwenda harusini, na Yudith akawa anawaambia majirani kwamba mama yake hana woga wa hospitali hata kidogo.

Unakumbuka Chang'ombe, kwa Mzee Jafari? Yule mzee wa Kihindi mwenye kofia ya kufuma, anayekaa kwenye kaunta huku mkewe akipiga kelele jikoni. Nilikuagizia biriani. Nyuma yangu nikasikia kimya kirefu, nikaogopa. Kumbe unanusa. "Huu wali wameupaka nini?" Nikasema ni viungo, mama. Ukaonja. Ukaonja tena. Kisha ukasema, "Wali huu ni wa watu wanaooa kila siku." Mzee Jafari alicheka mpaka akavua kofia. Akaja kukusalimia mwenyewe, akakuongezea kipande cha kuku, akaniuliza mbona tumekaa kama watu wa kesi. Nilipomweleza, alitikisa kichwa akasema hata yeye alipooa, ilimchukua muda mrefu kuzoea kuongea na mama mkwe bila kutokwa jasho. Siku zilizofuata, tukiingia tu, anavuta meza mbili mwenyewe na kuzipanga kinyume. "Meza ya wakwe!" anamwambia mkewe.

Na kule Kinondoni, kwenye ule mgahawa walioandika ubaoni kwamba leo kuna mlenda, mboga ya kwenu. Hukuona ubao, nilikusomea mie. Ulisimama katikati ya njia. "Mlenda? Hapa?" Tukaingia mbiombio. Ukachovya tonge moja, ukatafuna, ukatafuna, ukamwita mpishi. Masikini dada wa watu akaja akifuta mikono. Ukamuuliza, "Mwanangu, wewe kwenu wapi?" Akasema Morogoro. Ukasema, "Nilijua. Umejitahidi." Halafu ukamkalisha, chakula kinapoa, ukamwelekeza namna ya kukausha majani na wakati wa kutia karanga. Mie nimekupa mgongo, natetemeka kwa kicheko, machozi yananitoka. Wiki mbili baadaye tulirudi, yule dada akakuletea bakuli kabla hujaagiza, akasimama akisubiri kama mwanafunzi. Ukala lote. Ukasema, "Sasa hamia Dodoma."

Hivyo ndivyo nilivyokufahamu, mama. Kwa mgongo. Nilijua ukifurahi unapumua kwa nguvu puani. Nilijua pilipili unaisema vibaya lakini unaimaliza. Ulinisimulia ulivyokuwa msichana, ulivyokimbia shule ukarudi mwenyewe, ulivyomkataa mchumba wa kwanza kwa sababu alimpiga ng'ombe wake mbele yako. Yudith mwenyewe hakuwa akiyajua hayo. Na mie nilikueleza mambo yangu, kwamba mama yangu alifariki nikiwa mdogo, kwamba sikumbuki hata chakula kimoja alichonipikia. Siku ile nikasikia kiti chako kinasogea nyuma kidogo, kikagusa changu.

Halafu ikaja siku ya upasuaji.

Niseme ukweli, nilikuombea upone, na huku nikawa na huzuni ya kijinga ambayo sikumwambia mtu. Ulishasema mwenyewe kwamba tunakula kwa kuwa hunioni. Ukiona, je? Kesho yake walipokutoa bandeji nilikuwa kwenye korido. Nikasikia unamwambia nesi, "Kumbe gauni lako ni la bluu," na watu wote wakacheka. Nikafurahi. Ulipotoka, nikainamisha kichwa. Ukajifunika khanga, ukapanda gari, ukageukia dirishani. Kama siku ya kwanza.

Nikaendesha. Nikapita Chang'ombe bila kupunguza mwendo. Tulipokaribia kwa Mama Zuhura ukasema, bado unatazama nje, "Mbona hatusimami?"

"Nilidhani mama... kwa kuwa sasa unaona."

"Kuona ndiyo kushiba?"

Nikasimama. Ukatangulia kuingia bila kushikwa mkono. Ukachagua meza, ukakaa. Nikaenda zangu meza ya nyuma, nikakupa mgongo kama kawaida, nikaanza kumwita mhudumu.

"Baba Eliya. Geuka."

Sikugeuka.

"Geuka, nimesema. Sogeza kiti chako tule."

Nikageuza kiti. Ulikuwa umeshusha khanga mabegani. Mama, una uso wa Yudith! Hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Ukaniangalia taratibu, kuanzia kidevuni kwenda juu, na mie natoka jasho kama Mzee Jafari. Mwishowe ukasema:

"Kumbe una upara. Yudith hakuniambia."

Nilicheka mpaka yule msichana mhudumu akaja kuona kuna nini. Ukacheka na wewe. Ulipomaliza kucheka ukajifuta jicho lile jipya polepole, kama ulivyoelekezwa, ukasema, "Mama yangu alikaa na mkwe wake kijiji kimoja maisha yote, wakazikwa hawajuani. Ilikuwa heshima, sikatai. Lakini wewe umenishika mkono kunivusha barabara, umenisomea bei, umenitafutia mlenda. Mie sitaki kuzikwa hujanijua."

Ukachukua kipande cha nyama kwenye sahani yako, ukakiweka kwenye yangu.

Jioni ile ulimaliza kazi kwa njia yako. Yudith aliandaa meza, akanipakulia, akabeba sahani yako kukupelekea chumbani. Ukamkuta mlangoni, ukampita, ukaja kukaa mbele yangu. Akabaki mlangoni na sahani mkononi.

"Mama! Wakisikia nyumbani?"

"Wakisikia waje wale na wao. Niletee pilipili."

Eliya alisema kwa sauti, "Kwani bibi alikuwa haruhusiwi?" Tulikuwa tunacheka.

Walisikia kweli. Uliporudi Mpwapwa, jicho la pili nalo limeshapasuliwa, ukiwa na macho mawili mazima, uliwasimulia mwenyewe, migahawa yote, mpaka yule mzee wa biriani. Mjomba alinuna msimu mzima wa mvua. Ulinipigia simu kunieleza alivyonuna, na ukamwigiza.

Ulipoondoka, mama, uliondoka haraka, bila kumsumbua mtu. Tulikuja kukuzika. Nilijua nafasi yangu. Nilikwenda kukaa kwenye turubai la wakwe, mbali na wafiwa, kama inavyotakiwa. Ilipofika saa ya chakula nikamwona Shemeji Yona anavuka uwanja, watu wote wanamtazama. Akasimama mbele yangu, macho mekundu.

"Shemeji, inuka."

Nikadhani nimekosea jambo. Nikainuka.

"Mama alituita kabla hajaondoka. Akasema siku hii wewe usikae huku. Ukae kwa watoto."

Akanishika mkono, tukavuka uwanja wote wawili. Mjomba alikuwepo. Nilisimama nikimwangalia. Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja chake pale ubavuni pake. Tukala sinia moja, wanao na mie. Nililia nikiwa na tonge mkononi, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Sasa Yudith amenipa kazi. Alisema yeye alikuwa darasani siku zote zile, kwa hiyo kuna mama mmoja ambaye mie ninamjua na yeye hamjui. "Nipeleke kote mlikokula," aliniambia. Basi kila Jumamosi tunatoka. Kwa Mzee Jafari aliletewa kipande cha ziada bila kuomba. Kinondoni yule dada alimkumbatia, akamwonyesha majani anavyoyakausha. Yudith anakula, ananiuliza ulisema nini hapa, ulicheka nini pale, na mie namwambia yote. Mara nyingine analia kidogo. Mara nyingi zaidi anacheka. Nadhani sijawahi kumpenda kama ninavyompenda akiwa ameinamia sahani, ananisikiliza nikimsimulia habari za mama yake.

Sasa tumemaliza mahali petu pote pa zamani, hakuna pengine pa kumpeleka. Amesema basi Jumamosi hii tuvuke Kigamboni, kuna banda la samaki amesikia linasifiwa. Mie na wewe hatukuwahi kufika huko, kwa hiyo sina hadithi ya kumpa. Tutakaa tu, tuagize, tuone kunakuwaje. Eliya naye, sasa kijana mkubwa, amesema atakuja, na kuna msichana anataka kutujulisha. Anauliza kama ni sawa akae meza moja na sisi.

Nimemwambia ni sawa.

Pumzika vizuri, mama. Kwetu wote wazima, na tunashiba.

Mkweo, uliyemwita mwanao,
Baba Eliya, Mbagala