Joho la Buluu: Kumkumbuka Mwalimu Ludovick Kessy

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Julai ulipoketi kufunga kamba za viatu vya kazi, usiinuke tena. Kiti chako bado kipo karibu na dirisha, hapa Lidcombe, ughaibuni, na Mama hajaruhusu mtu yeyote akikalie.

Wengi walikujua kama mpanga mizigo wa ghala la Port Botany. Sisi tulikujua kama Mwalimu. Kwa miaka ishirini na miwili ulifundisha historia ya sanaa ya Ulaya katika Sekondari ya Nkwareni, kule nyumbani kabla hatujahamia huku, kwa kitabu kimoja tu, tena cha fotokopi. Hata ghalani hukuacha. Wakati wa chai ulimweleza Fiacre, rafiki yako Mrundi, kwa nini Waholanzi wa zamani walipenda kuchora samaki na malimau: makanisa yao yalikuwa yameondoa picha ukutani, basi wachoraji wakageukia sebule za watu. Fiacre anasema ulikuwa unamwongezea njaa tu. Siku ya kukuzika hakuna aliyelia kumshinda.

Halafu ikaja Jumamosi ile ya Cabramatta, kwenye duka la vitabu vya mitumba. Ulikikuta kitabu chako kilekile, ila hiki kilikuwa cha rangi. Binti yako Joyceline alikuwa pembeni yako ulipofungua ukurasa wa Bikira Maria na Mtoto, akaona uso wako unabadilika. Wanafunzi wako uliwaambia miaka yote kwamba joho la Maria ni jeusi, kama kaniki ya matanga, kwa kuwa mama yule alikwisha kujua mwanawe atakufa. Kumbe joho ni la buluu.

Jioni hiyohiyo uliandika barua kwa wanafunzi wako, ukampa Joyceline aichape na kuituma kwenye kundi lao la WhatsApp. Wewe na simu hamkupatana hata siku moja, na utani huo tulikutania hadi mwisho.

Alikwambia, "Baba, nipe mpaka weekend, shift zimenibana." Zikapita weekend tano. Ulipomkumbusha tena, ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu hospitali, miguu inamuuma. Akasema, "Lakini Baba, ni rangi tu."

Hukugomba. Ulimwangalia kidogo, ukamjibu, "Mwanangu, niliwafundisha msiba mahali palipokuwa na heshima." Kisha ukamtengea chakula. Wiki iliyofuata ukatutoka.

Barua ilikuwa kwenye mkoba wake muda wote huo. Yeye ni nesi, kila siku anaona watu wanavyoondoka bila kuaga, na bado aliamini wewe utamsubiri.

Wakati wa matanga alipiga simu Zakayo, mwanafunzi wako wa zamani, kutoa pole. Naye sasa ni mwalimu. Alimwambia Joyceline, kwa fahari kabisa, kwamba somo lako la joho jeusi analifundisha hadi leo, na darasa zima hukaa kimya. Joyceline alishindwa kumwambia ukweli. Alimshukuru, akakata simu, akajifungia bafuni. Tangu hapo kila akiitoa barua, anairudisha. Anaona aibu, Baba, na sisi tulijua tukanyamaza. Majuto ni mjukuu, na huyu wetu sasa ana mwaka mmoja.

Leo barua yako inaondoka. Ameichapa mwenyewe, neno kwa neno:

"Wanangu wa Nkwareni, nilikosea. Joho si jeusi, ni la buluu. Rangi ile ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililosafirishwa kutoka milima ya Afghanistan, nayo ilikuwa ghali kuliko dhahabu. Ndiyo maana wachoraji walimwekea Maria. Hawakumvika msiba, walimvika kilicho bora kuliko vyote walivyokuwa navyo. Mimi nilifundisha nilichokiona kwenye fotokopi. Nisameheni. Na kama kuna kati yenu anayefundisha, tafadhali awasahihishie watoto."

Nakala ya kwanza ametumiwa Zakayo.

Pumzika sasa, Mwalimu. Hawatakusahau kamwe mkeo Vicky, mwanao Godson, wajukuu zako wanaokuelewa kwa Kiswahili na kukulilia kwa Kiingereza, Fiacre na wenzako wote wa ghalani, na bintiyo Joyceline, aliyesema ni rangi tu.