Marehemu Wanaoleta Mpunga

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu Baraka,

Hapa Igawa hatujambo, ila mvua imechelewa. Pole na baridi ya Iringa.

Unasema unaikagua programu ya zamani ya mashine ya kukoboa mpunga kabla ya kuihamishia mtandaoni, na umekuta marehemu ambao bado wanaleta mpunga. Unauliza uwafute?

Hayo si makosa. Nilipokuwa karani pale, jina lililomo kwenye kompyuta ndilo lililoitwa zamu ikifika. Siku moja mjane alileta magunia, nikataka kuandika jina lake badala ya la mumewe. Akanishika mkono. “Dada, liache. Nikisikia anaitwa, nanyanyuka kumwitikia.”

Nikaliacha. Walikuja wengine, nao nikawaachia. Kwa hiyo kabla hujafuta jina, kaa pale mashineni usikie nani anaitika.

Siku hizi mpunga wetu naupeleka mwenyewe. Nyumbani hakuna anayemtaja babu yako mbele yangu, wanaogopa nitalia. Pale mashineni kijana hupaza sauti, “Mzee Tweve!” Nami nanyanyuka, najifuta pumba, naitika.

Ukiihamisha programu, hama naye.

Bibi yako